Sela Yangu Iko Mwanza

Jua la saa nne limeshaanza kuuma ufuo wa Sori. Lynnet Akoth ameinama juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, anageuza omena, dagaa wa ziwani, kwa viganja ili upande wa chini nao upate joto lake. Anaimba. Ni wimbo wake mwenyewe, aliouandika mwaka jana, na sauti yake ina ule mkwaruzo mdogo unaowafanya wapita njia wapunguze mwendo.

"Huo ni mzuri," anasema Cate, jirani yake wa nyavu za pili, bila hata kuinua kichwa. "Sasa imba ile ya Sela."

Lynnet anambandua omena mmoja aliyeng'ang'ania uzi, anamtupa kwa wenzake, kisha anaanza ile ya Sela. Wanawake saba wanaitikia kwa pamoja kama waliokuwa wanangoja mlangoni.

"Umeona?" anasema baadaye, akijifuta jasho kwa ncha ya leso. "Nimeandika nyimbo kumi na moja. Kumi na moja! Kuna mmoja niliandika nikiwa na mimba ya Elkana, nikaimba mpaka nikajiliza mwenyewe. Nani anaomba huo? Wanataka wa mtu aliyekufa. Haki ya nani, mimi naonea wimbo wivu."

Ana miaka thelathini na mitatu, watoto wawili, na gitaa moja lenye nyuzi tano badala ya sita. Asubuhi ni omena. Wikendi ni harusi, harambee na mazishi, kutoka Sori hadi Homa Bay, ambako mwimbaji asiye na bendi hupewa elfu mbili, nauli na sahani ya ugali. Hana meneja wala kampuni. Kazi akirekodi, anaipandisha mtandaoni mwenyewe kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka pembeni.

Wimbo uliopata watazamaji wengi zaidi kati ya hizo kumi na moja ulitazamwa mara mia nne na kumi na mbili. "Na mia kati ya hizo ni mimi," anasema.

Miezi miwili iliyopita, kwenye soko la Migori, mchuuzi wa mitumba alikuwa na rundo la santuri za zamani alizoziweka chini ya viatu. Lynnet alinunua moja kwa sababu aliona jina la mtu wa kwao, Cephas Maranga, mpiga gitaa wa Nyatike aliyekuwa na bendi miaka ya themanini. Upande wa kwanza aliujua. Kila mtu aliyewahi kucheza kwenye harusi upande huu wa ziwa anaujua. Upande wa pili, ambao wazee waliukumbuka kuliko vijana, ndio uliomkalisha chini. Ulikuwa wa Kiswahili, wa polepole, na ulianza hivi:

*Sela yangu iko Mwanza, nyeupe kama maziwa.*
*Nikipata nauli nitaleta nyumbani.*
*Mama Jeremiah usilie, usifunge mlango.*

Aliurekodi kwa simu akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, omena nyuma yake, mbuzi wa mtu akikatiza. Kwa wiki moja video hiyo ilitazamwa mara elfu thelathini na nane.

Kisha simu zikaanza. Gordon, mwenye studio iliyo nyuma ya duka la vipuri mjini Migori, alimwita wakarekodi vizuri. Waandaaji wa tamasha la Homa Bay wakampa nafasi ya Jumamosi jioni, nusu saa nzima, jukwaa lenye taa. Lakini Gordon alikuwa na sharti moja, na waandaaji wakalirudia kama waliokuwa wamepigiana simu: wimbo una mwenyewe, mwenyewe amekufa, na ameacha mjane. Lete sahihi ya mjane ifikapo Ijumaa. Bila hiyo hakuna jukwaa, na wimbo ukipandishwa mtandaoni utashushwa.

"Nikasema hiyo ni rahisi," anakumbuka Lynnet. "Mama Truphena anakaa hapo juu tu, nyuma ya kanisa. Nikabeba sukari kilo mbili nikaenda. Sikujua natembea kwa moto."

Sori nzima ingemwambia, kama angeuliza. Truphena, Mama Jeremiah mwenyewe anayeambiwa asilie, ana miaka sitini na sita, na tangu santuri ile itoke hajawahi kuusikiliza wimbo huo mpaka mwisho. Redio ikifika kwenye "Sela", anaizima. Ikiwa ni redio ya jirani, anahama. Kuna harusi moja alitoka na kiti chake.

Maana Sela anajulikana. Yupo. Ni Sheila, mwenye hoteli ya chai na samaki kule Mbita, karibu na kivuko cha feri. Huku ziwani, "sh" ikifika mdomoni mwa watu huwa "s". Shilingi ni silingi, shamba ni samba, na Sheila tangu utotoni ni Sela. Alikuwa mweupe wa kutazamwa mara mbili. Mwaka ule wa santuri aliishi Mwanza kwa dada yake, na mwaka ule ule Cephas alikuwa Mwanza akipigia bendi moja huko. Watu walijumlisha wenyewe.

Truphena aliipokea sukari. Kisha akaambiwa ni wimbo gani.

"Nyathina," alimwambia, kama mtu anavyomwita mtoto wake, lakini sauti ilikuwa imeshapoa. "Umebebea mimi huyo mwanamke mpaka kwa nyumba?"

"Mama, ni wimbo tu."

"Ni wimbo kwako. Kwangu ni barua. Mtu aliimba mbele ya dunia kwamba analeta mwingine, na akaniambia nisilie. Kwa jina! Mama Jeremiah! Nikienda kisimani wananiimbia."

"Hukuwahi kumuuliza?"

Hapo, anasema Lynnet, yule mama alicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha. "Nilimuuliza. Alisimama hapo hapo ulipokanyaga, gitaa mgongoni, akasema, 'Mama Jeremiah, Sela ni nguo.' Nguo! Wanaume wakishikwa watasema chochote. Nikamwambia, nguo gani hiyo inalipiwa nauli? Nikafunga mlango. Alilala kwa ndugu yake wiki mbili."

Cephas alirudi kutoka Mwanza mara ya mwisho akiwa na homa na bila senti. Alifariki mwaka wa 1999. Sela hakuletwa. Lakini mjane wake hakuona hilo kuwa la kumtetea. "Hakupata nauli," alisema. "Hiyo tu."

Hata hivyo hakukataa moja kwa moja. Alitoa sharti: sahihi ataweka, ila jina la huyo mwanamke litoke.

"Niweke nani?" Lynnet akauliza.

"Weka mimi."

"Truphena yangu iko Mwanza? Mama, wewe hujawahi kufika Mwanza."

"Na wataambiwa na nani?"

Lynnet alijaribu. Studio ya Gordon ina ushahidi. Truphena hakuingia kwenye mdundo. Jina lilikuwa refu, likamwaga maziwa ya mstari mzima. Akajaribu Caren, akajaribu Cate. Mwishowe, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimwangalia isipokuwa Gordon kwenye mitambo, akajaribu "Lynnet yangu iko Mwanza." Gordon alivua vipokea sauti, akaviweka mezani, akacheka mpaka akatoka nje.

"Niliona aibu," anakiri Lynnet. "Lakini nitakuambia ukweli. Niliingia vizuri kwa ule mdundo."

Habari hazikukaa. Kufikia Jumanne jioni zilikuwa zimeshavuka hadi Mbita, na Jumatano asubuhi Sheila alipiga simu. Hakusalimu.

"Nyar Sori," alisema, yaani binti wa Sori, "nasikia unataka kunitoa."

Lynnet alipanda gari akaenda, kwa adabu, kwa sababu mama wa miaka sitini na mitatu hajibiwi kwa simu. Kibao cha hoteli kilimpokea kabla ya mwenyewe: SELA YANGU HOTELI, herufi nyekundu, na chini yake samaki aliyechorwa akitabasamu. Ndani kulikuwa na meza sita, zote zimejaa, na wateja wote walijua amekuja kwa nini.

"Mimi nimeishi na huo wimbo miaka yote hii," Sheila alimwambia huku akipanga chapati. "Bwana yangu Okari alivunja redio mbili kwa sababu ya huo wimbo. Mbili! Nimechapwa na maneno, nimenyimwa kiti kwa kikundi cha akina mama. Sasa nimezeeka, ndio unaanza kunifaidi, watu wanakuja kupiga picha na kibao, wewe unataka kuweka yule mama? Yeye si alipata mwanaume mwenyewe? Aniachie wimbo."

"Lakini mama, kwani wewe na marehemu mlikuwa…"

Meza zote sita ziliacha kutafuna.

"Kuna mambo mwanamke hasemi," alijibu Sheila, akamwekea chai.

Lynnet alirudi Sori akiwa na wivu wa watu watatu kichwani: wa Truphena kwa Sheila, wa Sheila kwa Truphena, na wake mwenyewe, mdogo na mchungu, kwa marehemu ambaye kwa mistari michache aliweza kuwafanya wanawake wawili wasilale vizuri miaka karibu arobaini. "Nikajiuliza, mimi nimeimba kumi na moja, nani amewahi kukosa usingizi?"

Zilibaki siku mbili. Alhamisi alikwenda Isebania, mpakani, kuchukua nguo ya jukwaani. Hakuwa na hakika kama ataivaa, lakini alikuwa ameshalipia kitambaa. Fundi wake ni Bichage, Mkuria aliyekulia upande wa Tanzania, mshonaji wa magauni ya harusi, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha watu wa ziwani.

Alikuwa amesimama mbele ya kioo, mikono imeinuliwa, Bichage akibana kiunoni kwa pini. Kwa mazoea akawa anaimba.

"Dada yangu, hongera," akasema Bichage, pini midomoni.

"Ya nini?"

"Si unaolewa? Ungeniambia mapema. Shela ya kwenda kuchukua Mwanza ya nini, wakati mimi niko hapa nashona?"

Lynnet alishusha mikono. Pini moja ikamchoma na hakuisikia.

"Sela ni mtu," akasema.

"Mtu gani tena? Ni shela. Sh, sh. Gauni la bibi harusi, na kile kitambaa cha kichwani. Nyeupe kama maziwa, hivyo hivyo unavyoimba. Angekuwa mtu ungesema Sheila wangu, yuko Mwanza, mweupe. Wewe unasema yangu, iko, nyeupe. Hayo si maneno ya mtu, dada, ni maneno ya nguo."

Huku ziwani mtu husema bibi yangu iko jikoni na hakuna anayeshtuka. Watu wote waliousikia wimbo huo waliusikia kwa masikio hayo. Cephas, aliyekaa na wanamuziki wa Mwanza miezi minane, alijifunza neno lao, akalileta kwa ulimi wa Nyatike. Shela ikavuka ziwa na kushuka Sori ikiwa Sela.

"Nilikaa chini juu ya vitambaa vya mtu," anasema Lynnet. "Nikakumbuka: Mama Jeremiah, Sela ni nguo."

Hakurudi nyumbani kwanza. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya kanisa, akamkuta Truphena akichambua mboga, akamweleza yote, na hoja ya sarufi pia.

Truphena hakuwa mtu wa kushindwa na sarufi. "Cephas alikuwa anasema bibi yangu iko jikoni. Kwa hivyo mimi pia ni nguo?"

"Mama, sikiliza mpaka mwisho. Mara moja tu. Kuna sehemu ya tatu."

"Sihitaji."

"Hujawahi kuisikia."

Hilo lilimgusa mahali. Mtu mwenye wivu anaweza kukataa kila kitu, lakini kuambiwa kuna sehemu ambayo wengine wote wameisikia isipokuwa yeye, hilo hapana. Alisukuma sufuria pembeni. Lynnet akabonyeza simu, na sauti ya marehemu, ya kijana wa miaka ishirini na nane, ikaingia uani. Ilipofika kwenye "Sela", mkono wa Truphena uliinuka wenyewe kwenda kuzima. Akaukalia.

*Ikifika nitakuvika mwenyewe,*
*Jumapili, watu waone.*

Sori iliisikia sehemu hiyo miaka yote, ikaielewa kivyake. Mwanaume akileta mke wa pili, wa kwanza hununuliwa nguo ya kumtuliza, na hakuna aliyeona ajabu. Truphena aliielewa tofauti. Yeye na Cephas hawakuwahi kufunga ndoa kanisani. Mwaka ule ule, chama cha akina mama cha kanisa kilikuwa kimemkataa kwa sababu hiyo hiyo, akarudi nyumbani akalia siku mbili, na Cephas aliyaona machozi hayo kabla hajaenda Mwanza.

"Usilie," Truphena akasema polepole, kama anayesoma. "Alikuwa anasema hayo ya kanisa."

Kuku wawili wakapita na mboga zake. Hakuwafukuza.

"Aliniambia, Lynnet. Alisimama hapo akaniambia ni nguo. Na mimi nikamwambia nguo gani inalipiwa nauli." Kisha akamwangalia kwa hasira, hasira kabisa. "Sasa nimwonee nani wivu? Miaka hii yote nikiamka naanza na yule mwanamke. Nikifagia, naye. Nikisali, naye. Umekuja kunitoa huyo, nitaamka na nini?"

Lynnet alimshika mkono, wakakaa. Sahihi haikutajwa.

Ijumaa asubuhi mapema alikwenda Mbita, kwa sababu aliona si haki Sheila aambiwe na upepo. Safari hii alimwomba watoke nje, nyuma ya jiko, mbali na meza sita. Alimwambia kwamba wimbo ni wa gauni, na kwamba mtu angeimbwa "wangu" na "yuko".

Sheila aliushusha mwiko. Halafu akasema, "Aliniomba maji."

"Nani?"

"Cephas. Mwanza, nje kwa dada yangu. Alikuwa na gitaa, kulikuwa na jua. Akaniomba maji ya kunywa, nikampa, akasema asante. Basi. Hata jina hakuniuliza." Alijipangusa uso kwa mkono wenye unga. "Niliporudi huku nikakuta mimi ni wimbo. Ungekuwa wewe ungekataa?"

"Singekataa," Lynnet akasema, na alimaanisha kuliko Sheila alivyojua.

"Wewe mwenyewe si unaandika?" Sheila akauliza ghafla. "Nasikia una zako."

"Kumi na moja."

"Basi niandikie wangu. Wa mtu, si wa gauni. Weka maji, weka Mwanza, weka hayo maneno ya yuko na wangu yote sawasawa, mwalimu yeyote asije akanitoa tena. Kibao sigusi."

Lynnet anasema alitembea kutoka pale hadi kivukoni bila kuhisi miguu. Katika miaka kumi ya kushika gitaa, hakuna aliyewahi kumwomba wimbo ambao bado haujaandikwa.

Sasa ni saa tisa, Ijumaa hiyo hiyo. Truphena amekaa kwenye kigoda mlangoni, karatasi ya Gordon juu ya paja, kalamu mkononi. Amevaa vizuri kuliko mtu anayesaini karatasi. Anasoma mstari wa kwanza, anarudi juu, anausoma tena.

"Utaimba kwa sh," anasema. "Ya nguvu. Mbita wasikie."

"Nitaimba kwa sh, mama."

"Na ile sehemu ya tatu usikimbie. Uiimbe polepole. Nitakuwa nimekaa mbele." Kisha, kama jambo dogo tu: "Yule fundi wa Isebania, anashonea hata watu wazima?"

"Anashona, mama."

"Nimeuliza tu."

Lynnet ana haraka. Gordon ameshapiga simu mara tatu. Lakini hataki kuficha kitu kwa mtu anayempa wimbo, kwa hivyo anamwambia: ameahidi kumwandikia Sheila. Utakuwa wake wa kumi na mbili, na mstari wa kwanza ulimjia akiwa bado njiani kutoka Mbita, kitu kuhusu kiu. Baada ya tamasha, mpango wake ni kurekodi zote kumi na mbili, mmoja kila mwezi, zikiongozwa na huo.

Kalamu inasimama hewani.

"Ni mzuri?" anauliza Truphena.

"Bado sijaumaliza."

"Kuliko wangu?"

Lynnet anafikiri kabla ya kujibu, na anajibu kama mwanamuziki. "Nataka uwe mzuri kuliko wako, mama. Ndiyo."

Truphena anainama na kuandika jina lake lote, polepole, herufi moja baada ya nyingine. Anaupuliza wino. Karatasi haitoi.

"Mwandikie," anasema. "Lakini huo wake uuweke upande wa pili."

"Mama, siku hizi mtandaoni hakuna upande wa pili."

"Basi tafuta mmoja," anasema Mama Jeremiah, na ndipo anapomkabidhi karatasi.